Jedwali la William Banting na Chimbuko la Kujipima

Ulaji wa wanga kidogo, yaani kujizuia na vyakula kama mkate, viazi, wali na ugali ambavyo mwili huvigeuza kuwa sukari, sasa huenda sambamba na programu za simu, lakini desturi ya kujipima na kuweka kumbukumbu ilitangulia simu kwa muda mrefu. Katika mtaa wa St James's jijini London, duka la Berry Bros lilianza kuwapima wateja wake mwaka 1765 kwa mzani mkubwa wa kahawa na kuandika uzito wao katika daftari za duka.

Katika mtaa huohuo ndiko familia ya William Banting ilikoendesha biashara ya mazishi. Mwaka 1862, akikaribia umri wa miaka 66, Banting alikuwa na ratili 202, sawa na takribani kilo 92, wala hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Daktari wa masikio William Harvey, aliyekuwa amemsikiliza mwanafiziolojia Claude Bernard huko Paris akieleza jinsi ini linavyotengeneza sukari, alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Banting alichapisha habari zake katika waraka mwaka 1863, akiambatisha jedwali la tarehe na uzito, ambalo kwa sehemu kubwa lilijazwa kila baada ya wiki tatu: 202, 200, 197, 193, hadi kufikia 156. Jedwali hilo ndilo lililoupa waraka wake nguvu, kwani ushahidi juu ya mwili wa mtu ulitoka mkononi mwa mtu mwenyewe.

Zaidi ya karne moja baadaye, wafuasi wa Robert Atkins, daktari wa Marekani aliyechapisha kitabu chake cha lishe ya wanga kidogo mwaka 1972, walipima mkojo kwa vipande vinavyogeuka zambarau vikikuta ketoni, kemikali zinazotokana na kuyeyushwa kwa mafuta mwilini. Programu kama MyFitnessPal, iliyoanzishwa mwaka 2005, ziliondoa kazi ya kujumlisha wanga, ila sharti la kuandika kila mlo likabaki, na ndilo lenye uzito zaidi: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliohusisha watu wapatao 1,700, ambao hata hawakufuata lishe ya wanga kidogo, walioandika chakula chao karibu kila siku walipungua takribani mara mbili ya wale ambao hawakuandika.