Wodi Ndiyo Darasa

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo wa Tanganyika walikuwa 12 tu. Mwalimu Nyerere alikuwa akitukumbusha idadi hiyo. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini mama wa Njombe aliyeshikwa na uchungu hakuweza kusubiri wahitimu.

Njia iliyopatikana ilikuwa kumchukua tabibu aliyekwisha kuzoea wodi, kumwongezea masomo, kisha kumkabidhi kisu mbele ya macho ya mkubwa wake. Hao ndio madaktari wasaidizi. Walibezwa sana. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kuhusu upasuaji wa uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada.

Siri yao ilikuwa nini? Miaka ya zamu kabla ya kushika kisu. Hili tulikumbuke pale wanafunzi, wa hapa na wa ng'ambo, wanapokwenda kujifunza katika hospitali kama ile ya Kilutheri ya Ilembula, si mbali na Makambako. Waende, kwani wodi ndiyo darasa. Ila mgeni wa wiki chache hana zamu zile. Basi, tusiulize mwanafunzi ameshika nini. Tuulize nani amesimama nyuma yake. Mgonjwa wa kijijini naye ana uhai mmoja tu.