Anayejuliwa Hali ni Nani?

Kwetu mtoto akilazwa, pole hupewa mama. Wageni huingia wodini na chupa ya uji na mfuko wa machungwa, wakamsalimu mama, wakamuuliza: anakula? Analala? Daktari kasemaje? Majibu hupita juu ya kichwa cha mgonjwa, naye anasikia kila neno. Utu upo, tena mwingi: mama aliyelala sakafuni siku zote hizo anahitaji wa kumpokea akaoge. Ila mtoto mwenyewe kajuliwa hali na nani?

Swali hili ni zito zaidi kwa watoto wenye saratani ya Burkitt. Duniani kwa jumla ni ugonjwa adimu. Katika ukanda wetu wa malaria ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto wengi. Daktari Denis Burkitt alianza kuufuatilia Mulago, Kampala, mwaka 1957, baada ya kuonyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Uvimbe hukua haraka, meno yakalegea, hata jicho likasukumwa nje. Mgeni asiyezoea hukimbizia macho kwenye dripu, na mtoto anamwona. Dawa ikikubali, uvimbe hunywea ndani ya siku chache, kwa hiyo aliyekuja mara moja akaogopa huondoka na sura ambayo mtoto hanayo tena.

Katika Uislamu, kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu kwa mwenzake. Bukhari amepokea habari ya kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume, akaugua. Mtume alikwenda, akaketi karibu na kichwa chake. Masheikh huisimulia zaidi kwa sababu kijana yule alisilimu. Mimi hunishika pale Mtume alipoketi, na kwamba alisema na kijana mwenyewe, ilhali baba yake yupo palepale.

Talmudi ya Wayahudi inasema mgeni humwondolea mgonjwa sehemu moja kati ya sitini ya maradhi yake, lakini inaweka sharti ambalo baadhi ya wafafanuzi wamelielewa kuwa mgeni awe wa rika lake. Kwa maana hiyo, mtoto angemfaa mtoto mwenzake kuliko shangazi kumi.

Uingereza ilipitia njia nyingine. Hospitali nyingi ziliwazuia hata wazazi. James Robertson alitoa filamu mwaka 1952 ya mtoto wa miaka miwili akinyong'onyea hospitalini siku nane. Ripoti ya Platt ya mwaka 1959 ndiyo iliyopendekeza wazazi waruhusiwe wakati wowote. Hapo sisi tulitangulia: mama zetu hawakuhitaji ripoti ili walale chini ya kitanda cha mtoto.

Kwenye rika ndiko tunakopungukiwa. Wodi nyingi huwakataza watoto kuingia, na kwa saratani katazo hilo ni la haki: dawa hushusha chembe nyeupe za damu, na mafua ya mgeni yanaweza kumuua mgonjwa. Lakini simu ya mama ipo. Ndugu za mgonjwa walioachwa nyumbani wamrekodie sauti: nani kafunga goli, mbuzi kazaa wangapi, nani sasa anakalia dawati lake. Na mama asogee kidogo, mtoto ajibu mwenyewe.