Kipimo cha akili: kilizaliwa kumsaidia mtoto, kikageuzwa kumhukumu

Mwaka 1882 Ufaransa ilipitisha sheria iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa kila mtoto. Watoto wa vibarua, mafundi na wakulima wakaketi darasa moja, na haukupita muda walimu wakabaini kwamba wapo wasioweza kwenda na wenzao. Baadhi yao walikuwa wagonjwa, wengine watundu tu, na wengine walikuwa wametokea kutopendwa na mwalimu. Nani hasa alihitaji darasa maalumu? Hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuamua. Mtoto yuleyule, daktari huyu alimwita hivi na mwenzake akamwita vile.

Mwaka 1904 Wizara ya Elimu iliunda tume ya kulichunguza suala hilo. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo mwanasaikolojia Alfred Binet, mzaliwa wa mji wa Nice. Hakuwa mgeni wa jambo hili. Awali alifuata nyayo za wataalamu wa enzi yake walioamini kwamba ukubwa wa kichwa ndio ukubwa wa akili, akazunguka shuleni kupima vichwa vya wanafunzi. Aligundua kwamba tofauti kati ya wanafunzi hodari na dhaifu zilikuwa ndogo mno, tena kwamba matarajio ya mpimaji mwenyewe yanaweza kuyapotosha matokeo. Akaiacha njia hiyo. Kilichomfundisha zaidi ni kuwatazama binti zake wawili, Madeleine na Alice, walivyofikiri, kila mmoja kwa namna yake.

Mwaka 1905, akishirikiana na daktari kijana Théodore Simon, alitoa kipimo chenye kazi 30 zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu. Ya kwanza ilihitaji mtoto afuate kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka. Baadaye aliwekewa kipande cha chokoleti na kipande cha mbao, ili ionekane kama anatambua kipi ni cha kuliwa. Kisha arudie tarakimu tatu alizosikia, alinganishe mistari miwili, aeleze nyumba ni nini, farasi ni nini, uma ni nini. Aliyefika mbali aliulizwa tofauti kati ya mawazo yasiyoshikika. Mwaka 1908 Binet na Simon walizipanga upya kazi hizo kwa umri, ili ijulikane ni zipi watoto wengi wa miaka 5, 6 au 7 wanaziweza. Mtoto wa miaka 8 aliyeishia kwenye kazi za miaka 6 alihesabiwa kuwa nyuma kwa miaka miwili, na hapo ndipo mwalimu alipotakiwa kuanzia.

Binet alisisitiza kwamba akili haipimwi kama urefu wa kitambaa. Katika kitabu chake cha 1909 aliwapinga waziwazi waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki maisha yake yote. Kwa watoto wa madarasa maalumu alipendekeza mazoezi ya akili. Zoezi mojawapo lilikuwa mchezo wa sanamu: mwalimu akitoa ishara, darasa zima linaganda palepale, hakuna kutikisika. Alieleza kwamba kabla ya kufundishwa hesabu, watoto hao walihitaji kwanza kujifunza kutulia, kusikiliza na kuzingatia.

Binet alifariki mwaka 1911, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri halisi. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alizidisha jibu hilo kwa 100, na namba ikaenea duniani kwa jina la IQ. Kilichokuwa orodha ya mambo ambayo mtoto anayaweza na asiyoyaweza kikawa namba moja ya kumbandika mtu. Simon, aliyeishi hadi mwaka 1961, aliuita mgeuzo huo usaliti wa lengo lao.

Marekani ndiko usaliti huo ulikoota mizizi. Henry Goddard, aliyekitafsiri kipimo cha Binet mwaka 1908, aliamini kwamba akili hurithiwa tu, na kwamba wenye akili ndogo wazuiwe kuzaa. Akapeleka wapimaji Ellis Island, bandari ya wahamiaji New York. Mtu aliyetoka kusafiri baharini kwa siku nyingi katika daraja la chini kabisa, asiyejua Kiingereza, alisimamishwa mbele ya mkalimani na kutakiwa kujibu maswali. Goddard akatangaza kwamba wengi wa aliowapima katika makundi kadhaa ya wahamiaji walikuwa na upungufu wa akili.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Yerkes aliongoza upimaji wa akili za askari wapatao milioni 1.7. Waliojua kusoma walipewa mtihani wa maandishi, wenye maswali yakiwamo ya bidhaa za madukani Marekani. Wasiojua kusoma walipewa picha zenye kitu kilichopungua na kutakiwa kukichora: gramafoni isiyo na pembe lake, uwanja wa tenisi usio na wavu. Kijana wa shambani ambaye hajapata kuuona uwanja wa tenisi alikosa alama, na kukosa huko kukaandikwa kuwa ni upungufu wa akili yake.

Mwaka 1923 mwanasaikolojia Carl Brigham aliyatumia matokeo hayo kudai kwamba watu wa kaskazini mwa Ulaya wanawazidi wengine akili. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria iliyowabana wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya. Mwaka 1930 Brigham alikiri kwa maandishi kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Sheria ilikuwa imekwisha kupita. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imeruhusu Carrie Buck, msichana wa Virginia aliyeitwa punguani, afungwe kizazi kwa nguvu. Binti yake Vivian, aliyetajwa kama ushahidi wa urithi mbaya, alianza shule na akaingia katika orodha ya wanafunzi wanaofanya vizuri. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi hivyo katika majimbo mbalimbali.

Fikra hizo zilifika kwetu pia. Katika miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi, alipima vichwa vya Waafrika, na mwenzake F. W. Vint akachunguza bongo za maiti, wote wakitafuta uthibitisho kwamba Mwafrika ana akili pungufu. Walikuwa wakifufua njia ambayo Binet aliiacha takriban miaka 30 nyuma. Gordon aliitumia hoja hiyo kutilia shaka elimu ya kisasa kwa Waafrika. J. C. Carothers, aliyefanya kazi Mathari baada yake, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, iliyoueleza uasi kama ugonjwa wa nafsi za Wakikuyu, huku kilio cha ardhi kikipewa nafasi ndogo.

Jibu zuri kwa Gordon na Carothers lilitoka Kenya ileile. Watafiti waliwapima watoto wa vijijini Embu mwaka 1984, wakarudi kuwapima watoto wa rika hilohilo mwaka 1998. Katika miaka 14 alama za vipimo vya akili zilipanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika, kwa maelezo ya watafiti, ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, familia zilikuwa ndogo zaidi, na watoto walikula vizuri na kuwa na afya bora.

Usenge, magharibi mwa Kenya, timu ya mwanasaikolojia Robert Sternberg ilifanya jambo jingine. Iliwauliza watoto wa Kijaluo maswali kuhusu dawa za mitishamba: mgonjwa ana dalili hizi, utampa mti gani? Ni maarifa yanayohitajika kila siku mahali ambapo minyoo na malaria ni maradhi ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliozijua vizuri dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika mtihani wa msamiati wa shule. Mtihani wa kawaida ungewapita watoto hao bila kuuona ujuzi wao.

Historia hii inatuhusu kila matokeo ya mitihani yanapotoka na majina kubandikwa ukutani. Kupima si kosa. Mwalimu asiyepima hajui amsaidie nani, wala aanzie wapi. Kosa ni kuichukua alama ya siku moja na kuifanya kuwa hukumu ya maisha, au kumwambia mtoto wa miaka 12 kwamba hana kichwa. Mzazi na mwalimu, matokeo ya mtoto yakikufikia mkononi, uliza kwanza swali la Binet: mtoto huyu amekwama wapi, na tumsaidie vipi aendelee?