Turbo na hewa nyepesi ya Safari Rally

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya mtambo unaotumia moshi wa injini kuisukumia injini hiyo hiyo hewa zaidi. Kutokana na wazo hilo ilizaliwa turbo.

Nchini Kenya turbo ilikuwa na kazi ya ziada. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Injini ya kawaida hudhoofika huko. Yenye turbo hufidia upungufu huo.

Hata hivyo, shinikizo likizidi mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni huweza kutoboka. Ndiyo sababu kuna vali inayopitisha moshi kando ya turbo, na kompyuta inayopima mafuta na wakati wa cheche. Fundi huchagua: kasi zaidi, au gari lifike.

Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda Safari Rally kwa Opel Ascona 400 isiyo na turbo, akiyatangulia magari ya Audi Quattro yenye turbo ya Hannu Mikkola na Michèle Mouton. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda kwa Toyota Celica yenye turbo. Toyota ikarudia mwaka 1985 na 1986. Mwaka 1994 ilikuwa zamu ya Mkenya Ian Duncan, naye kwa Celica yenye turbo.

Turbo ilishinda Kenya, lakini katika safari ndefu namna ile, nguvu zilihitaji kiasi.