Nanaa Ndani ya Mita 30

Neno nanaa limetoka Kiarabu, kwa hiyo mtu wa Juba na mtu wa Bunia wakikutana soko la Arua wanaelewana bila mkalimani. Mmea wenyewe haukai mahali. Unatambaa chini kwa chini, na kila pingili ikigusa udongo wenye maji inatoa mizizi. Ile nanaa kali Mwingereza John Ray aliiandika mwaka 1696, ilipopatikana Hertfordshire. Ni chotara, karibu haizai mbegu, maana yake imeenea dunia nzima kwa mikono ya watu: mtu anakata kipande, anahama nacho.

Mama mmoja mzee wa Mvara ndiye alinipa vipande vyangu. Amin alipoanguka 1979, na mwaka uliofuata jeshi likaingia West Nile kwa kisasi, wao walikimbilia Zaire. “Mwanangu, tulirudi na sufuria moja na mizizi ya nanaa ndani ya kitambaa chenye maji.” Nikamuuliza, kwa nini mizizi jamani? Akacheka. “Chai ya kule ilinizoea. Ningeiacha?”

Na huo mpaka aliouvuka, wenyewe umehama kuliko yeye. Upande huu ulikuwa Lado ya mfalme Leopold, 1910 ukawa wa Sudan, 1914 wa Uganda. Walugbara wa Aru na wa Arua ni hao hao.

Sisi mipaka yetu ni midogo. Bidibidi ilipofunguliwa 2016, familia ilipewa ploti ya mita 30 kwa 30. Tangu mgao upunguzwe tena 2023, mstari mmoja wa maharage ni chakula cha watoto, na nanaa ikiingia pale inaumeza. Ikivuka kwa jirani, bas, hiyo ni kesi ya kiongozi wa bloku.

Kwa hiyo ipande ndani ya debe lililotobolewa chini, ulizike, ukingo ubaki juu ya udongo vidole vitatu. Kata kabla haijachanua, acha vidole viwili; itachipua. Ikitoroka usiifuate na jembe, jembe linafanya mzizi mmoja kuwa kumi. Ng’oa kwa mkono, anika juu ya jiwe mpaka ikauke kabisa.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, mkigawa miche ya nanaa, gaweni na madebe.