Tunutu wa Majini

Rasimu ya kitabu cha sayansi niliyoletewa hapa Kapsoya, Eldoret, niipitie ilisema kwamba lava wa kereng'ende hula viluwiluwi. Nilifuta lava, nikaandika tunutu, jina la mtoto wa nzige. Wanakamati wa kitabu hicho wakalirudisha lava lao bila kunipa hoja hata moja. Zangu ni hizi.

Lava kwa Kiswahili ni mwamba ulioyeyuka unaomwagwa na volkano. Uwanda wa Uasin Gishu, Eldoret ikiwemo, umelala juu ya lava iliyoganda mamilioni ya miaka iliyopita. Mwanafunzi wetu akishalizoea neno hilo katika jiografia, kwa nini abebeshwe jingine la sura ileile katika biolojia? Asili ya hilo la biolojia nayo haiwasaidii wanakamati. Kwa Kilatini, larva ni mzuka, tena ni barakoa, na mwanabiolojia Linnaeus alilitumia katika karne ya 18 kwa kuwa umbo la utotoni huficha sura ya mdudu mzima. Wengine wanashabikia nimfu, ambalo kwa Kigiriki ni bibi arusi. Wapo hata wa nayadi, pepo wa kike wa chemchemi za Wagiriki! Tumewakaribisha wageni wote hao, na mwenye nyumba tumemwacha nje.

Kumwita mtoto wa kereng'ende kiluwiluwi ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kiluwiluwi ni mtoto wa chura au wa mbu, yaani chakula chenyewe. Katika madimbwi ya kando ya Mto Sosiani, mtoto wa kereng'ende, mwindaji, hutulia topeni, mdomo wake wa chini ukiwa umekunjwa chini ya kichwa. Windo likikaribia, mdomo huo hufyatuka na kulinasa kwa kulabu zake, kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Anapumua kwa matamvua yaliyomo ndani ya utumbo wa nyuma, na akitishwa huyasukuma nje maji yaliyomo humo, akachomoka mbele. Mlaji na mliwa hawawezi kuitwa jina moja.

Neno buu limekaribia, lakini buu la nzi lazima lijifungie kwanza katika ganda ndipo litoke na mabawa. Mtoto wa kereng'ende hana hatua hiyo. Hujivua ngozi tena na tena, vifuko vya mabawa vikikua mgongoni, mpaka siku anapopanda unyasi, ngozi ikapasuka, akaruka. Tunutu wa nzige naye hukua kwa kujivua hivyohivyo, kama wale walioanguliwa kaskazini mwa Kenya mapema mwaka 2020.

Naambiwa tunutu ni wa nzige peke yake. Mbona kereng'ende lenyewe ni jina la mdudu na pia la ndege wa jamii ya kwale, na hakuna kamati iliyolalamika?

Matumizi: tunutu wa kereng'ende, tunutu huyu, tunutu hawa; ukitaka kumtenga na wa nzige, tunutu wa majini.