Raga na kriketi: namna ya kuelewa matokeo unayoyasikia redioni

Tukitangaza kwamba timu ya soka imeshinda mabao mawili kwa moja, hakuna anayeuliza maana yake. Lakini tukisoma kwamba Kenya imefunga trai sita, au kwamba Uganda imeshinda kwa wiketi tatu, wasikilizaji wengi hubaki wakisubiri habari inayofuata.

Makala hii ni ya msikilizaji anayeanza kabisa. Hatutaeleza kanuni zote, kwani ni nyingi. Kwa kila mchezo tutaanza na jambo moja la kushika, kisha tutasoma pamoja matokeo ya mechi zilizochezwa kweli.

Raga: kugombea ardhi

Katika raga kila timu inasonga mbele ili ifikishe mpira, wenye umbo la yai, nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Kuvuka mstari peke yake hakutoshi. Mchezaji lazima augusishe mpira chini kwa mkono. Hapo amefunga trai.

Ugumu ni huu: mpira ukirushwa kwa mikono, hauruhusiwi kwenda mbele. Unarushwa pembeni au nyuma tu. Anayetaka uende mbele ama akimbie nao, ama aupige teke. Ndiyo maana wachezaji hujipanga mshazari nyuma ya mwenye mpira. Anayetazama mara ya kwanza hudhani wanarudi nyuma, kumbe kila mmoja anasubiri kupokea na kukimbia.

Pointi huhesabiwa hivi:

- Trai: pointi 5.
- Teke la nyongeza baada ya trai, mpira ukipita katikati ya nguzo na juu ya mwamba: pointi 2.
- Teke la penalti likipita hapo hapo: pointi 3.
- Teke la mpira uliodondoshwa ukagusa chini kwanza, mchezo ukiendelea: pointi 3.

Anayekabwa ni mwenye mpira peke yake. Kumkaba juu ya mabega ni kosa, na kumkaba asiye na mpira ni kosa pia. Akishaangushwa, lazima auachie mpira ili wengine waugombee.

Mpira ukimponyoka mchezaji ukaanguka mbele, mwamuzi huita skramu: wachezaji wa mbele wa timu zote mbili huinama, hushikana na kusukumana, mpira ukiingizwa katikati yao. Kwa mgeni huonekana kama ugomvi, lakini ni njia tu ya kuanza mchezo upya.

Kuna raga ya wachezaji 15 kila upande, inayochezwa dakika 80, na ya wachezaji saba, inayochezwa dakika 14 tu. Kenya imejulikana zaidi duniani kwa hiyo ya wachezaji saba.

Sasa tusome matokeo. Aprili 2016, katika fainali ya mashindano ya Singapore, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7. Pointi 30 ni trai sita bila teke la nyongeza hata moja. Pointi 7 za Fiji ni trai moja na teke lake. Fiji hao hao ndio waliochukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio miezi michache baadaye. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini Wakenya walishangilia vile.

Kriketi: akiba mbili zinazopungua

Kriketi huchezwa kwa zamu. Timu moja hupiga na kukusanya mikimbio, nyingine hurusha mpira na kuuzuia. Kisha hubadilishana. Kila timu ina wachezaji 11.

Timu inayopiga ni kama familia yenye akiba mbili ghalani. Akiba ya kwanza ni mipira itakayorushiwa. Ya pili ni wapigaji wake. Moja ikiisha, zamu imekwisha.

Mipira huhesabiwa kwa ova, na ova moja ni mipira sita. Mchezo wa ova 20 una mipira 120 kwa kila timu. Wapo wanaocheza ova 50, na ipo kriketi ya kimataifa inayoweza kufika siku tano.

Wapigaji huwa wawili uwanjani, mmoja kila upande wa njia yenye urefu wa mita 20 hivi. Nyuma ya kila mmoja kuna vijiti vitatu vilivyosimamishwa. Mrushaji analenga vijiti, na mpigaji anavilinda kwa rungu bapa la mbao. Akiupiga mpira mbali, wawili hao hukimbia kubadilishana nafasi, na kila wanapopishana na kufika salama ni mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi nje ya mpaka ni mikimbio 4. Ukivuka hewani ni 6.

Mpigaji hutoka mpira ukigonga vijiti vyake, mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, au vijiti vikiangushwa kabla hajafika anapokimbilia. Zipo njia nyingine, lakini hizi zinatosha kuanzia. Akitoka mmoja, tunasema wiketi moja imeanguka. Zikianguka 10 zamu inaisha, kwa kuwa wa mwisho hana mwenzake.

Tarehe 24 Februari 2003, katika Kombe la Dunia, Kenya ilicheza na Sri Lanka mjini Nairobi. Kenya ilipiga kwanza ikapata 210 kwa 9, yaani mikimbio 210, wapigaji tisa wakiwa wametoka. Sri Lanka, waliokuwa mabingwa wa dunia mwaka 1996, walimalizwa wote kwa 157. Collins Obuya peke yake aliangusha wiketi tano. Kenya ilishinda kwa mikimbio 53, na mwaka huo ilifika nusu fainali.

Timu iliyopiga kwanza ikishinda, tunataja mikimbio iliyozidi. Iliyopiga ya pili ikishinda, tunataja wiketi zilizobaki. Juni 2024, katika Kombe la Dunia la ova 20, Papua New Guinea walipata 77. Uganda wakawapita kwa kufikisha 78, wapigaji saba wakiwa wametoka. Toa saba kwenye kumi: Uganda ilishinda kwa wiketi tatu.

Kwenye simu matokeo hayo huandikwa 78/7 (18.2). Namba ya mwisho si desimali. Ni ova 18 na mipira miwili, kwa hiyo Uganda walibakiwa na mipira kumi.

Mtoto akitaka kucheza

Wazazi wengine hushtuka mtoto akileta habari kwamba amejiunga na timu ya raga shuleni. Muulize mwalimu kama watoto wanafundishwa kukaba kwa usalama kabla ya mechi. Wanaoanza wanaweza kucheza raga ya kugusana, isiyo na kuangushana. Mpira wa kriketi ni mgumu na unaweza kujeruhi, hivyo wadogo waanze na mpira wa tenisi. Katika michezo yote miwili, mtoto aliyegongwa kichwa akaonekana kuchanganyikiwa, kutapika au kuumwa kichwa atolewe uwanjani, asirudi kucheza siku hiyo, na apelekwe kituo cha afya.

Safari ijayo ukisikia matokeo ya raga, gawanya pointi kwa trai na mateke. Ukisikia ya kriketi, uliza mambo mawili: mipira mingapi imebaki, na wapigaji wangapi wamebaki. Ukiwa na majibu hayo, utajua nani yuko taabani hata kabla mtangazaji hajasema.